Kiungo kimeachia: kutafuta kosa kati ya gundi, klampu na saa

Machi mwaka mmoja Bi mkubwa wa Kibokoni, hapa Mombasa, alinipigia simu mapema asubuhi. Nikamwamkia, akaitika marahaba, kisha akasema: "Mwanangu, hiki kiti chako chalia." Nilikuwa nimempelekea viti sita vya mkangazi wiki tatu tu nyuma. Nikaenda, nikakishika kiti kwa mgongo na kukiyumbisha polepole. Kweli kililia, pale mguu wa nyuma unapokutana na ubao wa kiti.

Nilikirudisha bandani Majengo, nikakigonga kwa nyundo ya mbao. Ulimi, yaani ile ncha ya ubao iliyochongwa kuingia kwenye tundu la mguu, ukatoka mzima, haukuchanika hata uzi mmoja. Gundi yote ilikuwa imebaki juu ya ulimi, ngumu na laini kama ganda la yai, inang'aa. Ndani ya tundu nikaona alama za patasi vilevile nilivyoziacha, kana kwamba gundi haijawahi kufika pale.

Wakati huo niliamini nimefungua klampu, vile vibanio vya kushikilia vipande gundi ikikauka, mapema mno. Kopo lilisema dakika 30, nami niliacha 40, kwa hiyo nikaamua kuanzia siku ile nitaacha saa mbili. Nikatengeneza viti vingine kwa utaratibu huo, na viwili vikalia. Saa mbili za klampu hazikusaidia chochote, kwa sababu kosa lilikuwa limeshatendeka kabla klampu haijafungwa. Ndiyo maana nayaandika haya kwa kufuata dalili. Fundi wengi hapa Mombasa, kiungo kikiachia, hulaumu gundi au hulaumu muda wa kubana, na mara nyingi vyote viwili havina hatia.

Vunja, kisha usome

Usikimbilie kupaka gundi mpya. Kitenganishe kiungo chote, peleka vipande viwili penye mwanga wa jua, viangalie ubavu kwa ubavu. Kiungo kizuri kikivunjwa kwa nguvu huchana mbao: utaona nyuzi za ubao mmoja zimeng'oka na kubaki kwenye ubao mwingine. Hapo gundi ilifanya kazi yake yote, na tatizo lako liko kwenye umbo au ukubwa wa kiungo. Lakini ukiona mbao safi upande mmoja na gundi upande mwingine, au gundi pande zote mbili bila uzi uliochanika, kuna saa uliyoikosea.

Nasema saa kwa sababu gundi nyeupe ya seremala, ile tunayoitumia kila siku, ina saa tatu, yaani vipindi vitatu vya kuhesabu. Ya kwanza ni muda wa wazi: tangu uipake hadi vipande vikutane. Ya pili ni muda wa kubanwa: tangu vikutane hadi gundi ishike kiasi cha kujitegemea bila klampu. Ya tatu ni muda wa kukomaa, hadi kiungo kiweze kubebeshwa mzigo wake kamili. Gundi nyingi za aina hii huandikwa dakika 5 hivi za muda wa wazi, dakika 30 hadi saa moja za kubanwa, na saa 24 za kukomaa. Hesabu hizo zilipimwa kwenye chumba chenye joto la wastani, hewa isiyo na unyevu mwingi, na mbao zilizokaushwa vizuri. Banda la Majengo halifanani na chumba hicho hata mwezi mmoja kwa mwaka.

Gundi inang'aa upande mmoja, upande wa pili mbao tupu

Hiki ndicho kiti cha Kibokoni. Gundi ilifanya utando juu kabla vipande havijakutana. Utando ukishatokea, hata ukaze klampu mpaka chuma kipinde, gundi haitaingia kwenye vinyweleo vya ubao wa pili. Hujibana tu, kama mikono miwili iliyovaa glavu.

Sababu yake hapa ni majira. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi inavuma, joto la mchana linapita nyuzi 30, na banda lililo wazi pande mbili linapitisha upepo moja kwa moja juu ya ulimi uliopakwa gundi. Dakika 5 za kopo zinakuwa 3. Mimi nilikuwa napaka ndimi zote za kiti, kisha ndipo naanza kuunganisha. Nilipojipima kwa simu, kazi hiyo peke yangu ilinichukua dakika 9.

Jinsi ya kujua bila saa: gusa gundi kwa ncha ya kidole, kisha inua. Ikivuta uzi na kidole kikatoka kimelowa, bado uko salama. Ikinata kama karatasi ya kunasia nzi na kidole kikatoka karibu kikavu, umechelewa. Usijaribu kuiokoa kwa kupaka gundi nyingine juu yake. Futa yote kwa kitambaa chenye maji, ngoja mbao zikauke, anza upya.

Dawa yake ni kugawa kazi. Kiti sikiungi tena kwa mkupuo mmoja. Naunga fremu ya mbele, naibana. Naunga fremu ya nyuma, naibana. Kesho yake naziunganisha kwa mbao za ubavuni. Kwanza kabisa nafanya mazoezi bila gundi: klampu zimeshafunguliwa kwa kipimo, vibao vya kukingia vimewekwa pale vitakapotumika, nyundo iko mkononi. Mambo haya yanaonekana ya kupoteza muda mpaka siku utakapotafuta klampu ya tatu chini ya benchi huku gundi inakauka. Kipindi cha kaskazi naunga saa 1 asubuhi, kabla jua halijapiga bati, na upande wa upepo nateremsha turubai. Ukiwa na kijana wa kukusaidia, mmoja apake ndimi na mwingine matundu. Na upake pande zote mbili. Kupaka upande mmoja tu huzaa dalili hii hii hata siku ya baridi.

Gundi bado laini ndani, nyeupe, inanuka

Unafungua klampu, kiungo kinaonekana kimeshika, kesho yake kinaachia, na ndani unakuta gundi nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Hapa ndipo kweli klampu ilifunguliwa mapema. Swali ni kwa nini gundi haikukauka.

Gundi nyeupe haikauki kwa kemikali ya ajabu. Inakauka kwa kupoteza maji. Maji hayo yana njia mbili: kidogo hutoka pembeni kwa hewa, na mengi hunyonywa na mbao zenyewe. Kama mbao zimeshajaa maji hazina nafasi ya kunyonya mengine, na kama hewa imejaa mvuke, hata ile njia ndogo ya pembeni inazibwa. Aprili mpaka Juni, masika yakishika, na hasa Mei ambao ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi hapa kwetu, njia zote mbili zinazibika pamoja.

Makopo mengi hukuonya usitumie gundi chini ya nyuzi joto 10. Onyo hilo halituhusu, kwani Mombasa haijui baridi ya namna hiyo. Onyo linalotuhusu ni lile lisiloandikwa kwa herufi kubwa: mbao ziwe na unyevu wa asilimia 6 hadi 10 au karibu na hapo. Sasa, ubao ukikaa hapa Mombasa chini ya paa huku hewa ikipita, hata ukikaa mwaka mzima, utatulia kwenye asilimia 13 hadi 16. Hauwezi kushuka zaidi, kwa sababu hewa ya bahari inaurudishia unyevu. Hizo bado zinaungika, mradi uziongezee muda. Zinazotuangusha ni mbao za saiprasi na paini zinazoshuka kutoka bara, zimepasuliwa juzi, zimefungwa pamoja kwenye lori, na zikifika zina asilimia 25 au 30. Ukiushika ubao wa namna hiyo kwa shavu unausikia baridi. Ukiupiga randa, maranda yake hayavunjiki, yanajipinda kama utepe.

Kama huna kifaa cha kupima unyevu, kuna njia ya zamani ambayo haidanganyi. Kata kipande kidogo cha ubao, kisiwe kile cha mwishoni kabisa mwa ubao kwa sababu ncha hukauka kwanza. Kipime kwenye mizani ya jikoni. Kiweke kwenye oveni kwa nyuzi joto 100 hivi, ukitoe kila baada ya saa moja au mbili na kukipima, mpaka uzito usishuke tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande changu cha mwisho kilikuwa gramu 112, kikaishia gramu 96. Tofauti ni 16, na 16 kwa 96 ni asilimia 16.7. Mzigo ule niliuacha umepangwa kwa vijiti katikati, kwenye chumba cha ndani, wiki tatu zaidi.

Muda wa klampu ninaoufuata mimi, kwa gundi nyeupe: paini kavu wakati wa kaskazi, saa moja inatosha kwa kiungo kisicho na mvutano. Mkangazi au mvule majira hayohayo, saa mbili hadi tatu. Wakati wa masika, chochote kile, klampu inalala nacho usiku kucha. Mbao zilizounganishwa ubavu kwa ubavu kwa ajili ya meza zinalala na klampu kila majira, kwa sababu ubao mpana huwa na mpindo kidogo unaotaka kurudi. Na baada ya kufungua, sikalii wala sikipi kiungo mzigo: siku mbili nzima kwa kiti, hata kama kopo linasema saa 24.

Zaidi ya saa, nina shahidi. Kila ninapounga kazi ya mteja, naunga pia vipande viwili vya mabaki ya ubao uleule, gundi ileile, dakika ileile, navibana kwa klampu ndogo. Kabla ya kufungua klampu za kazi, naivunja ile ya shahidi kwa nyundo. Ikichana mbao, nafungua. Ikiachia, naacha. Mteja akija kuuliza kazi yake, namwonyesha. Kuangalia ile gundi iliyochuruzika nje peke yake hakutoshi, kwani shanga ya nje ina hewa na ya ndani haina. Ya nje ikipigwa ukucha isiache alama, bado ya ndani yaweza kuwa maziwa.

Mbao safi pande zote mbili, gundi ni kama kivuli tu

Kiungo kimekosa chakula. Wengi wataambiwa wamekaza klampu kupita kiasi mpaka gundi yote ikatoka. Inatokea, lakini kwa miaka yangu yote nimeiona mara chache. Mara nyingi gundi ilipakwa kidogo tangu mwanzo, au ilipakwa kwenye kichwa cha ubao, pale mishipa inapoishia, ambapo mbao hunywa gundi kama mrija. Kwa kichwa cha ubao, paka mara ya kwanza nyembamba, ngoja dakika mbili inywe, kisha paka tena na uunganishe. Hata hivyo usitegemee kichwa cha ubao kubeba mzigo peke yake. Tia doweli, kile kijiti cha mbao cha kuunganishia, au ulimi.

Kuhusu nguvu ya klampu, tatizo la kawaida ni kinyume. Tunabana kwa nguvu ndogo mno. Mbao laini kama paini zinahitaji kama kilo 7 hadi 10 kwa kila sentimita ya mraba ya kiungo, na mbao ngumu kama mvule kilo 12 na zaidi. Chukua ubao wa mita moja wenye unene wa sentimita 2.5. Kiungo chake ni sentimita za mraba 250. Kwa paini ni kilo 1,750, kwa mvule ni kilo 3,000. Klampu nzuri ya chuma ikikazwa kwa mkono hutoa kama kilo 400 hadi 500. Kwa hiyo ubao wa mita moja wa paini unataka klampu nne, na wa mvule sita au saba. Ukiwa na mbili, moja kila ncha, katikati hakuna kitu.

Nguvu hiyo hutawanyika kutoka kwenye taya ya klampu kama mwanga wa tochi, kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Ubao wenye upana wa sentimita 15 hupokea nguvu kwenye mstari wa gundi kwa sentimita 15 kila upande wa klampu, basi klampu zikikaa sentimita 30 mbali hazikuacha pengo. Ubao mwembamba wa sentimita 5 hautawanyi vile, kwa hiyo weka kibao kinene cha kukingia kati yake na taya, kitawanye kwa niaba yake. Kibao hicho pia kinakuokoa na alama za taya. Klampu zikiwekwa moja juu na nyingine chini kwa kupishana, zitauzuia ubao usijikunje.

Asiye na klampu nyingi asikate tamaa. Kwa viti vya duara na miguu isiyo na pembe, mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa utepe na kuzungushwa kwa kuvutwa unabana vizuri ajabu, kwa sababu kila mzunguko unaongeza nguvu juu ya ule wa kwanza. Kamba na kijiti cha kukaza katikati nayo inafaa kwa fremu. Kwa mbao za meza, pigilia vibao viwili kwenye benchi, weka mbao zako katikati, na uzikaze kwa kabari mbili zinazopishana. Kabari ina nguvu kuliko watu wanavyodhani, mpaka unaweza kuukunja ubao juu.

Mstari wa gundi ni mnene, unaonekana kwa mbali

Hapa sina maneno mengi. Vipande havikukaa. Gundi nyeupe haijazi pengo: ikikauka inasinyaa na kubaki na mapovu. Unene wa kufaa ni wa karatasi. Ukihitaji klampu ili kuvuta vipande vikutane, rudi kwenye randa. Ulimi mzuri unaingia tunduni kwa kusukumwa na mkono na unatoka kwa kuvutwa, na ukikigeuza kipande juu chini haudondoki. Ukilazimika kuugonga sana, utakwangua gundi yote ikabaki mlangoni mwa tundu. Ulimi uliolegea ubandike kipande chembamba cha mbao ubavuni, ukauke, kisha uuchonge upya.

Meza ilikuwa sawa, sasa ina mfereji

Umepiga randa, umepiga msasa, umepaka vanishi, meza inang'aa kama maji. Baada ya wiki mbili, mwanga ukipita kwa ubavu, unaona mfereji mwembamba juu ya kila mstari wa gundi. Mteja anadhani mbao zinaachana. Haziachani.

Gundi ilipopakwa, maji yake yaliingia kwenye mbao karibu na kiungo, zikavimba milimita chache kila upande. Wewe ukapiga randa kesho yake, ukakata ule uvimbe ukawa sawa na sehemu nyingine. Baadaye maji yakatoka, pale palipovimba pakanywea, na sasa pako chini kuliko jirani zake. Kiungo kilikuwa kimeshika vizuri sana. Kilichokosewa ni saa ya tatu. Kaskazi naacha siku tatu kati ya kufungua klampu na kusawazisha. Masika naacha wiki nzima, na mteja namwambia hivyo tangu siku ya malipo ya awali, ili asinihimize siku ya nne.

Ukiona kinyume chake, yaani tuta dogo la gundi linaloinuka kwenye mstari, unalisikia kwa kidole, hiyo ni gundi nyeupe inayotambaa. Hata ikikomaa hubaki na ulaini fulani, na chini ya mvutano wa kudumu au joto husogea. Milango iliyopakwa rangi nyeusi na kuelekea jua la magharibi hupata hivyo. Kwa kazi ya nje tumia gundi nyingine, au tia kigingi cha mbao kupita ulimi na tundu ili gundi isibebe peke yake.

Ncha za meza zinapasuka Nyali

Meza imekaa mwaka mzima bandani bila tatizo. Inapelekwa kwenye nyumba ya Nyali yenye kiyoyozi kinachowaka mchana na usiku, na baada ya miezi miwili kiungo kimefunguka sentimita 10 kutoka kwenye ncha, katikati hakijaguswa. Fundi analaumiwa kwa gundi mbovu.

Kiyoyozi hukausha hewa. Ncha za ubao hupoteza unyevu haraka kuliko katikati, zinasinyaa kwanza, na kuvutana. Kagua kwanza kama ufa uko kwenye mstari wa gundi au umechana mbao pembeni yake. Ukiwa pembeni, gundi imeshinda mbao, na tatizo ni mbao zilizokuwa mbichi au meza iliyofungwa kwa skurubu ngumu kwenye fremu ikakosa nafasi ya kusinyaa. Tundu za skurubu zinazovuka upana ziwe ndefu kidogo, si duara. Ukiwa kwenye mstari wa gundi, kiungo kilikuwa dhaifu nchani tangu mwanzo, mara nyingi kwa sababu klampu ya mwisho iliwekwa mbali na ncha.

Siku hizi ninapounga mbao ndefu, napiga randa katikati ya ubavu kiasi kidogo mno, unene wa nywele, ili zikikutana zibane nchani kwanza na katikati pavutwe na klampu. Ncha zikija kusinyaa, zina akiba. Na paka vanishi vichwa vya ubao sawa na ulivyopaka juu. Chini ya meza pia. Wengi wetu tunaacha chini mbichi kwa kuwa hapaonekani, na upande mmoja unavuta unyevu huku mwingine umezibwa.

Msaji na mvule zinakataa gundi

Msaji una mafuta yake mwenyewe, na mafuta hayo hupanda juu ya ubao baada ya kurandwa. Urande, uupanguse kwa spiriti au asetoni kwa kitambaa safi mpaka kitambaa kisitoke na rangi, uache ukauke dakika chache, uunge siku ileile. Usirande Ijumaa ukaunga Jumatatu.

Mvule ni shida nyingine. Ndani yake mna chembe za chokaa, ngumu kama jiwe, zinazoua makali ya randa na mashine. Kisu butu hakikati nyuzi, kinazisugua na kuzilaza mpaka ubao unang'aa. Unapendeza kwa macho, lakini vinyweleo vimezibwa. Dondosha tone moja la maji. Likisimama kama shanga zaidi ya nusu dakika, gundi nayo itasimama vivyo hivyo. Noa, randa tena nyembamba, au pitisha msasa namba 80 hadi 120 kwa mkono mwepesi, futa vumbi. Tone likitawanyika na kuzama, unga.

Epoksi inawaka kikombeni, poliuretani inatoa povu

Epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili, haikauki kwa kupoteza maji. Sehemu zake mbili zinashikana kwa kemikali na kutoa joto. Joto hilo huharakisha kazi, na kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza muda wako kwa nusu hivi. Iliyoandikwa dakika 30 kwa nyuzi joto 20 itakupa dakika 15 tu bandani kwetu, na ikirundikana kwenye kikombe hata chini ya hapo, mpaka itoe moshi. Imimine kwenye sinia pana mara tu ukishaichanganya, ikae nyembamba. Usizidishe kigumishi, ile sehemu ya pili, ukidhani itashika haraka: vipimo vikikosewa itabaki inanata milele. Klampu zake ziwe za upole, kushikilia tu, maana epoksi inataka unene kidogo. Ukikuta utando kama nta juu yake asubuhi ya masika, uoshe kwa maji kabla ya msasa au vanishi.

Gundi ya poliuretani inakomaa kwa kula unyevu, ndiyo maana wengine hushauri kulowesha ubao kwanza; ushauri huo usiufuate hapa. Mbao zetu zimeshajiloweka. Povu linalotoka halina nguvu. Lisikupe moyo kwamba pengo limezibwa.

Kwa gundi nyeupe za kununua, angalia kama kopo limeandikwa D2, D3 au D4, madaraja ya kustahimili maji katika kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 204. Kwa jikoni na bafu nachukua D3, kwa nje D4, na sizipeleki kwenye maji kabla ya siku 7. Gundi iliyokaa chini ya bati, ikawa nzito na yenye mabonge, usiifufue kwa maji.

Madoa meusi kando ya klampu ni chuma kilicholoa kukutana na asidi ya mbao. Weka karatasi ya nailoni katikati.

Kukirekebisha kilichoachia

Gundi nyeupe mpya haishiki juu ya gundi nyeupe iliyokauka. Kumimina gundi kwenye nyufa ya kiti kinacholia ni kukipa wiki mbili nyingine za kulia. Siki iliyopashwa moto hulainisha gundi ya zamani; ipake, ngoja, kwangua kwa patasi hadi uone mbao, osha kwa maji kidogo, acha ikauke siku mbili. Kisha pima ulimi upya, maana kukwangua kumeupunguza.

Kiti cha Kibokoni nilikifanyia hivyo. Nikaunga fremu mbili kwa siku mbili, nikavunja shahidi, akachana mbao. Siku ya tano nikakirudisha. Bi mkubwa akakikalia, akajiyumbisha makusudi kushoto na kulia, huku ametega sikio. Kikanyamaza. Akaniangalia.

"Na vile vitano?"

Nikavibeba vyote vitano.